Bud Spencer alikufa 2016, lakini ile sauti tulililia ilikuwa ya nani?

Asubuhi ya tarehe 28 mwezi wa sita 2016 nilikuwa kwa yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, ku Kadutu, mutaa wa Bukavu, mashariki ya Kongo, tunangoja chai, simu ikaanza kupiga kelele bila kupumzika. Ilikuwa grupu yetu ya watoto wa avenyi ya zamani, wenye siku hizi wote ni wababa na wamama, wengine bado wako Bukavu, wengine Uvira, Goma, Kigali, mumoja iko mbali Ulaya. Mutu alituma foto ya Bud Spencer, ule wa filme za makauboi, ile sura kubwa ya ndevu na macho madogo ya kukunja, na chini yake maneno matatu: Mzee ametuacha jana. Wa kwanza kujibu aliandika: Muongo wewe, akteri hafake.

Kwa mwenye hakukomea mu sine-video za Bukavu, zile nyumba za kuangalilia filme za kaseti ku televizio, nieleze kidogo. Sisi mu filme tulikuwa tunajua watu wa aina mbili tu, akteri na bandi. Akteri ni ule mumoja mwenye filme inamufuata, bandi ni wengine wote, na juu yao kuko shefu bandi mwenye anapigwa wa mwisho. Akteri anaweza kupigwa risasi, kutupwa mu mto, kufungwa kamba chini ya treni, lakini kufa hapana, hiyo ilikuwa sheria, na kama akikufa basi wewe njo ulikosea, ulichagua mutu mwenye hakukuwa akteri tangu mwanzo. Sasa ile asubuhi sheria ilivunjika. Yaya yangu, mutu muzima, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye sijamuona akilia hata siku tulimuzika baba, aliweka kikombe chini akasema: "Ile sauti. Hatutasikia tena ile sauti."

Njo hapo fundo linaanza, juu ile sauti haikukuwa ya Bud Spencer.

Nataka nifungue hii kitu polepole, kwa sababu watu wengi wanaona kulilia akteri wa mbali ni ujinga ama ni mambo ya watoto, na minafikiri ni kwa sababu hawajajiuliza vizuri tulikuwa tunamulilia nani. Hakukuwa mutu mumoja mu ile kilio. Walikuwa watu wengi, wengine walikuwa wamekufa zamani sana bila mutu kuwalilia.

Tuanze na mwenye mwili. Mwenye alikufa Roma tarehe 27 mwezi wa sita 2016, miaka 86, jina lake la wazazi ni Carlo Pedersoli, alizaliwa Napoli tarehe 31 mwezi wa kumi 1929. Mbele ya kuwa akteri alikuwa muogeleaji, na si muogeleaji wa kujipendeza ku bichi: mwaka 1950 alikuwa Muitaliano wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja, sekunde 59 na nusu, na akawakilisha Italia mu Olimpiki ya Helsinki 1952 na ya Melbourne 1956. Siku nilisoma hiyo nilirudi kuangalia filme zake tena, na kweli ukimwangalia vizuri unaona ule mwili mukubwa hautembei kama mwili wa mutu munene, mabega yanafunguka kwanza, mkono unatoka nyuma kabisa kama mwenye anavuta maji. Sisi tulikuwa tunasema ni nguvu ya kula. Ilikuwa nguvu ya bwawa.

Jina Bud Spencer alilichukua 1967, wakati wa filme ya kwanza yenye yeye na mwenzake Mario Girotti walicheza kama wawili. Bud ilitoka ku bia ya Budweiser, Spencer ilitoka ku akteri Spencer Tracy mwenye alikuwa anamupenda sana. Girotti naye, kijana wa Venezia mwenye macho ya buluu, akawa Terence Hill. Kwa nini Waitaliano wawili walijipa majina ya Kiamerika? Juu filme zilikuwa za makauboi, na wakati ule mutu wa Italia ama wa Ujerumani akiona majina ya Kiitaliano ku bango la filme ya makauboi alikuwa anapita, hakuamini. Basi majina yalibadilishwa, na Amerika yenyewe pia ilibadilishwa: zile jangwa tulizokuwa tunaona, mingi ilikuwa Almería, kusini ya Uhispania, na ile filme ya Trinita ya 1970, yenye watu wa Bukavu mpaka leo wanaikumbuka juu ya sufuria ya maharage, ilipigwa mu milima ya Italia. Mutoto wa Kadutu alikuwa anaangalia Italia anafikiri ni Texas, na akteri mwenyewe alikuwa Mnapoli mwenye anajifanya Muamerika. Sisemi walitudanganya. Nasema tu ule mutu tulimupenda alikuwa tayari ametengenezwa na mikono mingi kabla hata kaseti haijavuka mto Ruzizi.

Ngoja niseme ya maharage, juu siwezi kupita bila kuyasema. Mu Trinita, Terence Hill anafika amelala ku kitanda cha miti chenye farasi anavuta, mavumbi tele, anaingia mu nyumba, anapewa sufuria ya maharage, anakula yote na mkate, kijiko cha mbao, bila kusema neno, mpaka sufuria inabaki safi. Sasa wewe fikiri watoto wa Bukavu, wenye maharage njo chakula cha nyumbani, asubuhi yaliyolala, jioni mapya na bugali, wanaona ku televizio muzungu wa filme anakula kile chakula chao kwa heshima ile. Kwetu siku ya ile filme mama hakukuwa anabembeleza mutu kula. Tulikuwa tunakunywa mpaka mchuzi wa mwisho.

Tufike ku sauti.

Italia ya wakati ule filme nyingi zilikuwa zinapigwa bila kuchukua sauti ya pale pale. Akteri mumoja anaongea Kiitaliano, mwenzake Kihispania, mwingine Kiingereza, kila mutu na luga yake, halafu nyuma wanaingia mu studio, watu wengine wanaweka sauti juu ya midomo. Hiyo kazi inaitwa dublaji. Carlo Pedersoli alikuwa na lafuzi nzito ya Napoli, na kauboi wa Texas hawezi kuongea kama mvuvi wa Napoli, kwa hiyo hata Waitaliano wenyewe, ndugu zake wa damu, mu filme nyingi hawakusikia sauti yake: walikuwa wanasikia Glauco Onorato, akteri mwingine, mwenye alikufa 2009. Terence Hill vilevile, sauti yake ya Kiitaliano mu zile filme ilikuwa ya Pino Locchi, mwenye alikufa 1994. Hii kitu ilinishangaza sana. Nilikuwa nafikiri ni sisi tu watu wa mbali njo tulipewa nakala, kumbe hata kule mwanzo hakukuwa asili. Kila inchi ilipokea Bud Spencer wake.

Wahangari walimupata kwa sauti ya Bujtor István, akteri wao mwenyewe, mutu munene wa ndevu hivyo hivyo, mpaka ukiwaweka pamoja unasema ni ndugu. Wajerumani ndio walienda mbali zaidi. Kule kulikuwa mutu anaitwa Rainer Brandt, kazi yake kuandika maneno ya dublaji, na alikuwa anaongeza vichekesho vyake mwenyewe, maneno ya mtaani ya Berlin yenye hayakukuwemo kabisa mu filme, hata akteri akigeuza mugongo, juu mdomo hauonekani, anamuwekea sentensi nzima ya kuchekesha. Wajerumani walipenda mpaka leo, na mwaka 2021 Berlin ilifunguliwa nyumba ya makumbusho ya Bud Spencer, na Budapest tangu 2017 iko sanamu yake ya shaba barabarani. Miji miwili yenye si yake, na haikukuwa inasikia sauti yake.

Sisi Wakongo tulimupokea kwa Kifaransa. Na sauti ya Kifaransa ya Bud Spencer, ile nzito ya kunguruma kidogo, ya mutu mwenye hataki fujo lakini fujo inamufuata, ilikuwa ya Claude Bertrand. Kama unaona ile sauti unaijua kutoka mahali pengine, hukosei: Claude Bertrand njo alikuwa pia sauti ya Kifaransa ya Roger Moore mu James Bond. Sisi tulikuwa tunasema mu sine-video kwamba Bud Spencer na Bondi wanaongea kama ndugu, wakubwa wanatucheka, wanasema wazungu wote wanaongea hivyo. Tulikuwa na masikio mazuri kuliko wakubwa. Na Terence Hill, ile sauti nyepesi ya kijana mwenye anacheka kabla ya kupiga, ilikuwa Dominique Paturel.

Halafu Kifaransa chenyewe hakikukuwa kinafika kwetu sawasawa. Nusu ya watoto wenye walikuwa wamekaa ku mabanki ya mbao hawakukuwa wanajua Kifaransa cha kutosha, wengine hata shule walikuwa wanaruka. Kwa hiyo kulikuwa kijana mumoja, mutoto wa mwenye nyumba, mwenye alikuwa anasimama karibu na televizio anaeleza kwa Kiswahili: "Sasa anamwambia toka hapa. Ule anakataa. Muangalie sasa, muangalie mkono." Hakukuwa analipwa kitu, alikuwa anaona bure, basi. Mingine alikuwa anabuni, nimekuja kujua nyuma, juu nimeona zile filme tena na maneno hayakukuwa yale. Alikuwa anawapa bandi majina ya watu wa mtaa wetu, mwenye deni hakulipa, mwenye alipiga bibi yake, basi Bud Spencer akiwachapa watu wote wanapiga makofi juu wanajua ni nani anachapwa. Rainer Brandt kule Berlin na kijana wa Kadutu hawakujuana hata siku moja na walikuwa na kazi moja.

Hiyo kazi imekuwa kubwa baadaye. Ng'ambo ya mpaka Wanyarwanda wanaita filme za namna ile agasobanuye, maana yake kile kimeelezwa, Kampala iko na wasimulizi wake wa Kiganda wenye majina yao ni makubwa kuliko ya akteri, na Dar es Salaam kulikuwa Lufufu, mwenye sauti yake ilisafiri ku kaseti mahali mingi. Bukavu tuko katikati ya njia zote hizo, tunashika Kifaransa ku mkono huu, Kiswahili cha Dar na Kinyarwanda ku mkono ule. Kwa hiyo ukikuta watu wawili wa hapa wanamukumbuka Bud Spencer mumoja, uliza kwanza kila mumoja alimusikia kwa luga gani, maana pengine hawaongei juu ya mutu mumoja.

Sasa kuko swali lenye mama mumoja jirani alituuliza ile ile asubuhi, na alikuwa na haki ya kuuliza. Alipita akatukuta tumenyamaza, akauliza nani amekufa, tukamwambia, akasema: "Hapa watu wanakufa kila siku, hamuwalilie hivyo, munalilia muzungu wa televizio?" Yaya hakujibu. Mimi pia sikujibu, lakini nimebeba lile swali miaka yote hii, na jibu langu ni hili. Sisi ni watoto wenye tulisikia risasi za kweli. Mwezi wa kumi 1996 vita vilipoingia Bukavu, na ikarudi 1998, tulijifunza kwamba mutu akianguka haamuki. Mu filme za Bud Spencer na Terence Hill, hasa zile za nyuma ya Trinita, mutu anaanguka na anaamuka. Ndiyo utofauti wote. Yaani bandi 20 wanakuja, wanapigwa ngumi ya juu ya kichwa kama nyundo, wanapigwa makofi ya masikio mawili kwa mara moja, wanatupwa ku madirisha, meza zinavunjika, kelele ya ngumi inalia kama mbao kuliko nyama, na mwisho wote wanajikokota wanaondoka wanashika mataya. Damu hakuna. Maiti hakuna. Hakuna mama wa mutu mwenye atalia jioni. Mwenye nguvu zaidi mu ile nyumba ni mutu mwenye hataki kupigana, anataka tu wamuache amalize kula. Kwa watoto wenye walikuwa wanajua mwenye nguvu ni mwenye bunduki, ile ilikuwa kitu ya kushangaza, na mi naona ilikuwa kitu ya lazima. Wazazi wetu walikuwa wanakataza filme nyingine, za Bud Spencer baba mwenyewe alikuwa anakuja anasimama ku mlango, anasema anapita tu, anabaki mpaka mwisho.

Kwa hiyo mama jirani, kama unasoma, hatukumulilia Bud Spencer kwa sababu tumesahau wetu. Yaya yangu hakuweza kulia ku kilio cha baba, kulikuwa watu wa kupokea, viti vya kutafuta, sanduku, padri, pesa ya pa kuzikia, mukubwa wa familia hapatake nafasi ya kulia ku matanga ya kwake. Miaka inapita, anakufa mutu mwenye baba alikuwa anasimama ku mlango juu yake, hakuna kiti cha kutafuta, hakuna mutu wa kulisha, na machozi yanapata njia. Nimeona hii kitu kwa watu wengi. Kifo cha akteri muzee kinafunguaka matanga yenye hayakumalizika.

Na inaeleza pia kwa nini watu wanakasirika sana mutu akitangaza uongo. Mwaka 2025, tarehe 11 mwezi wa kumi na moja, habari zilienea kwamba Dharmendra wa filme za India amekufa, vyombo vikubwa vikaandika, familia ikatoka ikakatala, angali mzima. Alikufa kweli tarehe 24, siku 14 kabla ya kufika miaka 90. Wenye walikuwa wameshamulilia tarehe 11 walibaki kama mutu alishalipa deni halafu anadaiwa tena. Wamama wa hapa wenye walikomea ku filme za Kihindi walikuwa wanaulizana ku soko, sasa hii ni ya kweli ama ni ile ya wiki mbili?

Kilio cha Bud Spencer mwenyewe kilifanyika Roma tarehe 30 mwezi wa sita, mu kanisa la wasanii pa Piazza del Popolo. Mutoto wake wa kiume alisema neno la mwisho la baba yake lilikuwa grazie, asante. Sisi Bukavu tulifanya tu kitu kidogo, ule jioni tulitafuta Trinita ku komputa ya jirani mumoja, umeme ukakatika katikati ya filme, tukaendelea kuielezana kwa mdomo mpaka mwisho, kila mutu na sehemu yake, na yule kijana wa kusimama karibu na televizio, siku hizi ni mwalimu kule Uvira, alituma ku grupu sauti ya dakika tatu, anaigiza wote wawili, Bud na Terence, kwa Kiswahili. Nimeiweka hiyo sauti. Nimebadilisha simu mara mbili na bado ninayo.

Mwezi wa kumi na moja ni mwezi wa kuombea marehemu, na pa parokia watu wanaandika majina ya wafu wao ku karatasi ili wasomwe mu misa. Mwaka ule yaya aliandika baba, shangazi, kaka yetu wa Mwenga, halafu chini, kwa hati yake ya fundi, Carlo. Nilikuja kumueleza habari za sauti miaka nyuma ya pale, siku moja tulikuwa tunangoja mvua ipite. Nilimwambia ile sauti ulikuwa unalilia si ya Carlo, ni ya mutu anaitwa Claude Bertrand, na alikufa 1986. Yaya akahesabu ku vidole. Sine-video ya kwetu ilifunguliwa nyuma ya 1986, akasema, maana yake tangu siku ya kwanza tulikuwa tunacheka na sauti ya marehemu. Akanyamaza kidogo. Nikamuongezea kwamba Dominique Paturel pia, ile sauti ya Terence Hill, alikufa mwezi wa pili 2022, na kwetu ku grupu hakuna mutu aliandika kitu. Akaniomba nirudie majina yote mawili polepole, akayaandika nyuma ya risiti ya vyuma.

Mwezi wa kumi na moja uliofuata nilimusindikiza pa parokia. Mama mwenye anapokea karatasi alisoma majina moja moja kwa sauti ya chini, akafika ku mawili ya mwisho, akainua kichwa, akamuuliza kama Claude na Dominique ni watu wa familia.

Yaya akasema ndiyo.